Njia za Ndani ya Mafunjo

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe kumi na sita Desemba 2013, Sanyu alikuwa kifudifudi chini ya kitanda chake katika mtaa wa Juba Na Bari, mjini Juba, Sudan Kusini, shavu kwenye saruji, akisikiliza bunduki. Zilikuwa zimeanza upande wa kambi za askari, na kulipopambazuka zikawa zimesogea karibu kiasi cha kutikisa bati la paa. Alisikia mtu akikimbia peku kwenye uchochoro. Hatua zikasimama. Vidole vikagonga dirisha mara mbili.

"Sanyu! Ya Sanyu! Usifungue. Nakwenda kule kwetu, katikati ya mafunjo. Kesho uniletee maji."

Alikuwa Nyadak, rafiki yake, Mnuer, na asubuhi ile kuwa Mnuer mjini Juba kulitosha kumfanya mtu akimbie, maana askari walikuwa wakiwatafuta Wanuer nyumba kwa nyumba. Sanyu hakutoka chini ya kitanda. Hatua zikaanza tena, zikateremka kuelekea kinamasini. Zilipokwisha kupotea ndipo Sanyu akatoka chini ya kitanda, akagonga kichwa kwenye mbao, akafungua mlango na kupiga kelele, "Nyadak, rudi! Huko hakuna kitu! Nyadak!"

Uchochoro ulikuwa mtupu. Risasi ikapiga bati la nyumba ya jirani, likalia kama sufuria iliyoanguka. Sanyu akafunga mlango.

Tangu siku hiyo Nyadak hajaonekana.

Ili mtu aelewe kwa nini Sanyu alipiga kelele vile, lazima ajue kinamasi chenyewe kilivyokuwa. Kilikuwa kati ya nyumba za mwisho za mtaa na mto, kipana, kimejaa mafunjo na matete. Waganda wenye vibanda sokoni walikiita Kisenyi, kwa utani, wakikumbuka mtaa wa Kampala. Maji ya mvua kutoka mitaa ya juu yaliingia humo yakiwa meusi, yamebeba taka na kinyesi, yakakaa, yakazunguka kwenye mizizi kwa siku nyingi, na yalipotokeza upande wa chini, kwenye kisima cha mtaa, yalikuwa meupe kiasi cha kuonyesha sarafu iliyozama. Hakuna aliyeshangaa. Watu waliteka, wakanywa, wakaenda zao.

Sanyu alikuja Juba mwaka 2008, mjane, na mundu mmoja. Alizaliwa Busoga, Uganda, ukingoni mwa ziwa Kyoga, katika ukoo wa wasuka mikeka, na alipoona mafunjo yale yamesimama bila mwenyewe, alicheka peke yake kama aliyeokota. Kwao kulikuwa na desturi. Kila kiangazi, kabla ya mtu yeyote kukata hata bua moja, wakataji wakubwa huingia kinamasini kwa siku nzima wakipima sakafu kwa miguu. Maana kinamasi kina sakafu: mizizi imesukana juu ya maji, mahali pengine imara kama ubao, mahali pengine laini kama uji. Pale panapobeba mtu, hufunga kitambaa cheupe kwenye bua. Pale ndege wanapotaga na samaki wanapozaa, hufunga chekundu, na ukipita chekundu na mundu wako, wenzako hawakusalimii mpaka kiangazi kingine. Vitambaa hivyo haonyeshwi mtu asiyekata mafunjo. Akivijua asiye mkataji, mama yake Sanyu alikuwa akisema, ni sawa na kumpa mwizi ufunguo na kumwambia chumba cha kulala kiko wapi.

Nyadak ndiye mtu wa kwanza Juba aliyeonyeshwa. Alikuwa amerudi mwaka 2010 kutoka kambi ya wakimbizi ya Kiryandongo, Uganda, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, kimechanganyika na Kiarabu cha Juba. Alianza kwa kuomba masalio ya mafunjo ya kujengea ua. Baada ya mwezi akawa na mundu wake. Alikuwa mrefu, mwenye kicheko cha ghafla, na alijua kinamasi kwa namna ambayo Sanyu hakuijua.

"Wewe unajua ya kukata," alimwambia siku moja walipofika nyuma ya vitambaa vyekundu. "Mimi najua ya kujificha." Akalala chali juu ya mizizi inayoelea, mikono ameitandaza, na sakafu ikazama kidogo tu, ikambeba. "Mwaka tisini na moja, mama yangu alilala hivi siku tisa. Mimi juu ya tumbo lake. Watu wenye bunduki walipita pembeni, wakaogopa kuingia. Buti nzito, unaona? Inazama."

"Banange, mambo ya vita yaliisha," Sanyu alisema. "Mnapata bendera yenu."

"Bendera tamam. Lakini mimi chumba changu ni hiki."

Jozi moja ya korongo wenye taji ilikuwa na kiota karibu na pale. Kwao Sanyu korongo hao wana shingo ya kijivu; hawa wa Juba walikuwa na shingo nyeusi, na Sanyu alizoea kusema ni binamu waliovaa nguo za msiba. Walinyoosha shingo, wakawatazama wanawake wale wawili, wakaona hawana neno, wakarudi kwenye mayai yao.

Kiangazi cha kwanza baada ya uhuru wa 2011, mfanyabiashara mmoja alileta lori za kifusi. Mji ulikuwa unavimba, kila mtu anatafuta kiwanja, na kutoka barabarani kinamasi kilionekana kama shamba lililoachwa. Lori ya kwanza ikamwaga udongo mwekundu, ukazama. Ya pili, ukazama. Ya tatu ikajisogeza mbele kidogo ili imwage mbali, na matairi ya nyuma yakaenda chini polepole, kama ng'ombe anayepiga magoti.

Arkangelo, mtu wa kabila la Wabari, mwenyeji wa mtaa ule, aliyeishi kwa kuvua kamongo kwa mkuki kwenye matope, aliketi kwenye ndoo yake akitazama. "Ongeza!" alimpigia dereva kelele. "Ongeza, kinamasi bado kina njaa! Lete na ile ya mkubwa wako!"

Mtaa mzima ulicheka mpaka machozi. Lori ilivutwa na tingatinga siku mbili, na mfanyabiashara hakuonekana tena. Sanyu alicheka kama wengine, lakini alipokuwa akikunja mkeka jioni ile alijua alichokiona: kinamasi kilijilinda kwa sababu wale watu hawakujua pa kukanyaga.

Malith alikuja mwanzoni mwa mwaka 2013. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, Mdinka, lakini alikulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na kusoma Nakuru, na alirudi nyumbani na cheti cha upimaji wa ardhi na Kiswahili cha mijini Kenya. Alikuwa mpimaji katika ofisi moja iliyohusika na viwanja. Alifika kwa Sanyu kununua mkeka, akakaa akanywa chai, akarudi kesho yake bila sababu.

"Anti, unajua nini," alisema. "Huko juu wanataka kukata Kisenyi viwanja. Ramani yao inaonyesha hapa ni ardhi tupu. Tupu kabisa! Hakuna ndege, hakuna kisima, hakuna wewe."

"Na wewe unaonaje?"

"Mimi naona ni ufala. Nairobi walifanya hivyo hivyo. Mvua ikija watu wanaogelea sebuleni. Lakini mkubwa hasikii maneno, anasikia karatasi. Nikimpelekea ramani ya kweli, hapa kuna samaki, hapa kuna kiota, hapa maji yanapita kwenda kisimani, naandika mahali hapa pasijengwe. Inapigwa muhuri. Khalas."

Sanyu alimtazama. Alikuwa na macho ya mtu anayeamini anachosema, na hilo ndilo lililomsumbua baadaye kuliko yote, kwamba huenda siku ile aliamini kweli.

"Wewe iko na mama?" akamuuliza.

"Alikufa Kakuma."

"Basi apa kwa jina lake."

Malith akaapa, mkono kifuani.

Nyadak alikataa. Aliposikia, aliweka mundu chini na kusimama wima. "Mtu wa ofisi? Aingie kule? La, ukhti. La. Mtu asiyekata hana haja ya kujua."

"Asipojua, watajenga."

"Walijaribu, wakazama. Waache wazame."

"Safari nyingine wataleta mashine kubwa. Huyu anatusaidia, Nyadak. Ameapa kwa jina la mama yake."

Nyadak alichuna uzi kwenye bua la funjo. "Kinamasi ni chako kunizidi," akasema mwishowe. "Wewe ndiye uliyenionyesha. Lakini mimi sikai hapo nikiangalia." Akaenda nyumbani.

Kwa hiyo Sanyu alimwingiza Malith peke yake. Walitembea siku tatu. Yeye mbele, suruali ya marehemu mumewe imekunjwa hadi magotini, Malith nyuma na kifaa chake kidogo cha kupimia, akikibonyeza kila penye kitambaa. Alimfundisha kuhisi sakafu kwa kisigino kabla ya kuweka uzito. Alimwonyesha njia nyeupe inayokata kinamasi toka barabarani hadi karibu na mto, pana, imara, yenye mchanga chini ya mizizi, ambayo hata mkazi wa mtaa aliyezaliwa hapo hakuijua. Alimwonyesha vyekundu. Walipofika kwenye korongo, Malith alinong'ona, "Eish," akasahau kubonyeza kifaa, na Sanyu ndiye aliyemkumbusha.

"Bonyeza," alimwambia. "Hapa ndipo pa maana."

Akabonyeza.

Miezi ikapita. Malith alipita mara mbili tatu kusema barua iko mezani, barua imepanda juu, barua inasubiri muhuri. Kisha akaacha kupita. Mwezi wa kumi Nyadak alisafiri kwenda Bentiu kwa mama yake aliyekuwa mgonjwa. Na mwezi wa kumi na moja, siku ya Jumanne, lori zilirudi.

Safari hii hazikuzama. Sanyu alisimama ukingoni na kuziona zikiingia moja nyuma ya nyingine, zikimwaga kifusi kwa mstari, greda likisawazisha, nyingine zikipita juu ya kilichosawazishwa na kwenda mbele zaidi. Mstari ulipinda kulia pale ambapo njia nyeupe ilipinda kulia. Ulibana pale njia ilipobana. Hawakuwa wanabahatisha. Walikuwa wanafuata vitambaa vyake, bua kwa bua, na walipokwisha kupata barabara katikati ya kinamasi, walianza kumwaga kulia na kushoto bila haraka, kama mtu anayekula wali kutoka katikati ya sahani.

Siku ya nne walifika nyuma ya vyekundu. Korongo walikuwa na makinda mawili ambayo hayajaota manyoya ya kurukia. Wakubwa waliruka, wakazunguka, wakatua juu ya kifusi, wakaruka tena. Dereva mmoja alisimamisha lori na kuteremka kuwapiga picha. Kesho yake hawakuwapo.

Arkangelo alikuja kusimama kando ya Sanyu, mkuki mkononi. Hakuwa na mzaha wowote. "Nani aliwaonyesha?" aliuliza. "Mimi nimevua hapa miaka ishirini, sikuijua njia hiyo. Nani?"

"Sijui," Sanyu akasema.

Lilikuwa neno la kwanza la uongo katika jambo hili, na lilitoka laini mno.

Mafunjo ya ukingoni, upande wa nyumba, hawakuyagusa. Yalibaki ukanda wa hatua hamsini hivi, yamesimama marefu na mabichi kama kawaida, na mtu aliyepita uchochoroni asingejua kwamba nyuma ya pazia lile kumekuwa uwanja mwekundu, mkavu, wazi kutoka barabarani hadi mtoni.

Nyadak alirudi Jumamosi, tarehe kumi na nne Desemba. Mama yake alikuwa amepona. Jumapili baada ya kanisa alikuja kwa Sanyu na samaki mkavu wa Bentiu amefungwa kwenye gazeti, wakanywa chai kwenye baraza. Mji ulikuwa na minong'ono. Wakubwa hawaelewani, askari wamejaa barabarani.

"Nimeona mafunjo yetu yamekua," Nyadak alisema, akitazama juu ya ua, kwenye vichwa vya mabua vilivyotikiswa na upepo. "Yule mtu wako wa ofisi, barua yake ilifika wapi?"

Hapo ndipo palikuwa na nafasi. Sanyu aliiona nafasi yenyewe, imekaa kati yao kama kikombe cha tatu. Angesema: wamejaza, Nyadak, wamefuata vitambaa vyangu, ulisema nisimwonyeshe nikamwonyesha. Ni maneno machache tu. Lakini Nyadak alikuwa amefurahi, samaki alikuwa mezani, na Sanyu akawazia uso ule ukibadilika.

"Bado iko juu," akasema. "Wanasubiri muhuri."

"Muhuri!" Nyadak akacheka. "Nchi hii itakufa ikisubiri muhuri."

"Kesho tutazungumza vizuri. Kesho jioni uje."

"Kesho jioni," Nyadak akakubali, akaenda.

Usiku ule bunduki zilianza, na asubuhi yake akapita dirishani.

Sanyu alikaa ndani siku tatu. Siku ya nne, risasi zilipopungua, alikwenda ukingoni na chupa ya maji. Alipita katikati ya mafunjo yaliyobaki, mabua yakimgusa usoni, hatua hamsini, akatokea kwenye uwanja mwekundu. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na alama za matairi na za buti nyingi. Alizunguka mpaka jua likamchoma, akiita kwa sauti ndogo. Kisha akakaa juu ya kifusi na kunywa yale maji mwenyewe.

Ni Arkangelo aliyejua. Alimwambia wiki moja baadaye, bila kumtazama, akinoa ncha ya mkuki ambayo haikuhitaji kunolewa.

"Mimi nilikuwa kwenye mtumbwi wangu, upande wa mto. Nilikuwa nimelala ndani yake, nimejifunika wavu. Nikachungulia. Nikamwona anatoka kwenye mafunjo anakimbia, na alipofika wazi akasimama. Alisimama tu, Sanyu. Kama mtu amefungua mlango wa nyumba yake akakuta nyumba haina kuta. Alitazama huku, akatazama huku. Angerudi nyuma labda. Lakini hakurudi, alidhani pengine ni mbele kidogo, pengine bado kuna kipande. Akaanza kutembea kwenda mbele."

"Halafu?"

"Kulikuwa na gari barabarani. Lilikuja juu ya kifusi, lilikuja vizuri kabisa, kwa mwendo. Zamani gari lisingeweza." Akaacha kunoa. "Nikainamisha kichwa. Nilisikia, lakini sikuona. Hayo mengine usiniulize."

Sanyu hakumuuliza. Ila alimwambia yeye ndiye aliyeonyesha njia. Arkangelo akaokota mkuki wake, akaondoka, na tangu siku hiyo hakumwita tena Mama Mikeka kama alivyozoea. Alipompita njiani aliinamisha macho kama anayepita kaburini.

Kwa sababu hakukuwa na maiti, Sanyu alijipa tumaini la watu wasio na maiti. Januari alikwenda Thongpiny, kwenye kambi ya Umoja wa Mataifa ambako maelfu walikuwa wamekimbilia, wakilala kwenye matope bega kwa bega. Alisimama getini siku baada ya siku akitaja jina. Akina Nyadak walikuwa wengi. Walikuja mmoja mmoja, wakamtazama, wakarudi. Siku ya sita alikuja mwanamume mwembamba mwenye macho ya Nyadak: Puok, kaka yake.

"Wewe ndiye Mganda wa mikeka," alisema. "Alinisimulia. Yuko kwako?"

"Hapana."

"Alisema yeye ana mahali pa kujificha. Sisi wote tulikuja huku, yeye akakataa. Alisema ana mahali pake, ni pazuri kushinda kambi." Akamtazama Sanyu usoni akitafuta kitu. "Hakufika?"

Sanyu alisema atarudi kumletea habari. Hakuwa na nguvu ya kusema zaidi siku ile. Kutoka pale getini hadi ofisi ya Malith ni mwendo mfupi, mtaa huohuo wa Thongpiny, penye mahoteli na nyua za mashirika. Alimkuta nje, chini ya turubai, anazungumza kwenye simu. Alipomwona Sanyu aliikata simu kabla ya kumaliza.

"Anti. Uko salama? Asante Mungu."

"Barua yangu iko wapi?"

Malith akamshika kiwiko na kumvuta kando. "Sikiza. Niliandika. Kwa Mungu niliandika, kurasa nne. Mkubwa akasoma, akanipongeza. Akasema tangu uhuru hajaona ramani safi kama hii. Akasema, hii njia ya katikati, inabeba uzito gani? Nikamwambia, si ya magari, ni ya watu. Akacheka tu. Ningefanya nini? Mimi ni mdogo pale."

"Ungekuja kuniambia."

"Nikuambie nini? Ungefanya nini, ungelala mbele ya lori?"

"Ningejua," Sanyu akasema. "Ningejua mapema, nikasema mapema."

Malith alifuta uso kwa kiganja. Alikuwa amekonda. "Kila mtu alikuwa anachukua, anti. Nisingechukua mimi, angechukua mwingine. Walinipa kimoja."

"Kimoja nini?"

"Kiwanja."

"Wapi?"

Hakutaka kusema. Sanyu akangoja. Alikuwa amejifunza kungoja kwenye matope, mguu mmoja juu, mpaka sakafu iseme kama inabeba au haibebi.

"Nyuma," Malith akasema. "Pale kwenye vyekundu. Ndipo penye hewa nzuri, karibu na mto."

Gari la shirika likapita likiwarushia vumbi. Sanyu hakufumba macho.

"Nyadak alikimbilia kwenye kiwanja chako," alisema. "Jumatatu ile. Alidhani bado kuna mafunjo."

"Nyadak gani?"

Alimtazama akaona hafanyi mzaha. Hakuwa anamjua. Nyadak alikuwa amekataa kukaa pale akiangalia, na kwa hiyo katika siku tatu zile za kupima, jina lake halikuwahi kutajwa. Sanyu alimpa kisogo. Nyuma yake Malith aliita, "Anti! Anti, usiende hivyo," mara mbili, kisha simu yake ikalia.

Alirudi getini na kumwita Puok. Safari hii alisema yote: vitambaa, Malith, siku tatu za kupima, chai ya Jumapili. Aliposema, "Aliniuliza, nikamdanganya," sauti yake ilibaki vilevile, maana alikuwa ameyarudia maneno hayo njiani mpaka yakawa magumu kama kokwa. Puok alisikiliza akiwa ameshika nyaya za ua kwa vidole.

"Ungemwambia, angekuja na sisi," alisema.

"Ndiyo."

"Angekuwa hapa. Amesimama hapa, ananigombeza."

"Ndiyo."

Puok hakumtukana. Aliachia nyaya, akarudi kati ya mahema.

Mwezi wa nne mvua zikaanza. Maji ya mitaa ya juu yalishuka kama miaka yote yakitafuta mahali pa kukaa, yakakuta ukuta wa kifusi, yakageuka. Yalipita kwenye vyoo, yakapita kwenye majiko, yakaingia kisimani yakiwa na rangi ya chai. Mwezi wa tano watu wakaanza kuharisha. Kipindupindu kilikuwa kimeingia mjini, na katika mtaa ule, ambao maji ya kisima chake watu walikuwa wakiyanywa bila kuwaza, kilichukua mtoto wa jirani wa Sanyu, kisha bibi wa nyumba ya pili, kisha mke wa Arkangelo. Sanyu alikwenda kwenye matanga yote matatu. Kwenye la tatu alikaa nje ya ua, juu ya jiwe, hakuingia, na hakuna aliyetoka kumkaribisha.

Arkangelo aliuza mkuki. Hakukuwa na kamongo wa kuchoma. Sanyu anasuka kwa nyuzi za plastiki zinazoletwa kutoka Kampala. Mikeka yake ina rangi kali na wateja wanaipenda.

Puok alikuja Juba Na Bari mwaka 2015, kiangazi, bila kutoa taarifa. Aliomba aonyeshwe mahali. Sanyu akavaa kandambili wakaenda, bila mazungumzo, kwenye barabara iliyopita katikati, inayopinda kulia na kubana, yenye nyumba pande zote mbili. Mwishoni, palipokuwa na vitambaa vyekundu, kwenye kiwanja alichopewa Malith, kulikuwa na ukuta mrefu wenye lango la chuma. Puok alisimama mbele ya lango akiwa ameshika kofia.

"Humu?"

"Humu."

Mlinzi aliwauliza wanamtafuta nani. Puok akataja jina la dada yake, kwa ukamilifu, la baba na la babu. Mlinzi akasema huyo hakai hapa. Puok akashukuru. Walisimama kidogo zaidi, kisha wakarudi, na kwenye kona alimwambia Sanyu kwamba atakuja tena mwakani, ikiwa njia itapitika.

Lango lile huwa limefungwa. Mvua zikizidi maji hupanda hadi kwenye madirisha, mwenye nyumba huhama kwa wiki chache, na yakipungua hurudi, hupaka rangi upya, na kukaa.